Soda ya Kuokea na Jina la Magadi

Unga mweupe laini ambao katika kemia huitwa bikaboneti ya sodiamu, na madukani soda ya kuokea, hutajwa na wapishi wengi wa Kenya kwa jina la magadi, ingawa jina hilo lina mwenyewe. Magadi asilia, kama yale ya Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka wa 1911, ni bikaboneti iliyoungana na kaboneti ya sodiamu na maji. Na kwa kuwa kaboneti ni kali zaidi, anayeyapima kwa kijiko kilekile cha soda ya kuokea huishia na mandazi ya manjano yenye ladha ya sabuni. Kwa hiyo inafaa istilahi mbili zitengane: magadi kwa madini, bikaboneti kwa unga uliosafishwa. Hamira ni kitu cha tatu kabisa, kwani hiyo ni kuvu hai inayokula sukari.

Huko Sangailu, kusini mwa Kaunti ya Garissa, kama kwingineko kwa Wasomali, kazi ya bikaboneti huonekana vyema kwenye anjera. Rojo iliyolazwa usiku kucha huchachuka kwa asidi ya laktiki, na bikaboneti kidogo ikitiwa asubuhi hupambana na asidi hiyo, ikapunguza uchachu na kutoa kaboni dioksidi, gesi ileile ya soda ya chupa, ambayo hupasuka juu ya kikaango na kuacha vitobo vinavyokunywa chai na samli. Rojo ikicheleweshwa baada ya kutiwa bikaboneti, gesi hutoroka na anjera hutoka bapa.

Maharagwe nayo hulainika upesi yakitiwa bikaboneti, hasa pale maji ya kisima yanapokuwa na kalisi nyingi inayokaza maganda, lakini wingi wa bikaboneti huangamiza vitamini B1.

Wanaochanganya bikaboneti na siki ili kusafishia sufuria hujidanganya kidogo: povu likishatulia, hubaki maji yenye chumvi dhaifu, na ni heri kila kimoja kitumiwe peke yake. Wala povu la siki halithibitishi kuwa unga ni bikaboneti, kwa sababu magadi pia hutoa povu hilohilo.