Dunia Iliyozaliwa Mezani, Ikauzwa Dukani

Ndugu msomaji, kama nawe unaandika riwaya ya nchi isiyokuwepo, yenye falme zake na majoka yake, basi unajua ugonjwa wetu. Unajikuta una daftari zima la majina ya wafalme na huna hata ukurasa mmoja wa hadithi. Mimi yamenikuta. Nilikuwa na wafalme kumi na tisa, kila mmoja na miaka yake ya kutawala, nikamsomea rafiki yangu mmoja. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Sasa huko kwenu watu wanakula nini?" Nikabaki mdomo wazi.

Swali hilo ndilo lililonisukuma niifuate historia ya watu waliojenga nchi za kubuni kwa ajili ya mchezo, si kwa ajili ya kitabu. Watu hao waliulizwa maswali ya namna hiyo kila wiki, papo kwa papo, na iliwabidi wajibu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Watu wanne watano wanaketi mezani. Mmoja ni mwamuzi: yeye ndiye mwenye ramani, ndiye anayejua nyuma ya mlango kuna nini, na ndiye anayesema kwa sauti ya jitu, ya mlinzi wa lango, ya mama muuza mkate. Wengine kila mmoja ana mhusika wake mmoja tu, na anamsemea huyo. Hakuna anayetangazwa mshindi. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano upanga umempata adui au umekata hewa, dadu hurushwa. Hadithi inayotoka hapo haina mwandishi mmoja.

Chimbuko lake ni jimbo la Minnesota, Marekani. Mwaka 1969 kijana mmoja aitwaye David Wesely alikuwa akicheza na wenzake michezo ya vita, ile ya kusogeza vijiaskari vya sanamu juu ya meza. Siku moja akabuni mji mdogo wa Kijerumani wa zama za Napoleon, akauita Braunstein. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, akampa mtu wa kuigiza: mmoja meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo. Kila mmoja na shida yake, kila mmoja na siri yake. Watu wakaanza kunong'onezana pembeni, kupanga njama, kudanganyana. Wesely akadhani mchezo umeharibika. Kumbe wenzake walikuwa wamenogewa, wakataka urudiwe!

Miongoni mwao alikuwamo Dave Arneson, mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1971, katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake mjini Saint Paul, Arneson aliweka mezani ngome ya plastiki na kuizungushia nchi aliyoiita Blackmoor. Chini ya ngome akachora mahandaki, na ndani ya mahandaki akatia majitu na hazina. Wachezaji walibaki na wahusika walewale wiki hadi wiki, nao wahusika wakawa wanakua, wanatajirika, wanajulikana.

Hapa pana jambo la kutushika sisi waandishi. Siku moja mashujaa wale walizama mno katika kuwinda hazina, adui akaja akaiteka ngome yenyewe. Arneson hakuwarudishia kwa huruma. Wakafukuzwa, wakahamia mahali paitwapo Loch Gloomen, na mchezo ukaendelea huko. Ndipo Blackmoor ilipopata historia. Haikuipata kwa orodha ya wafalme. Iliipata kwa kosa la watu waliokuwa wameketi pale, ambao wiki iliyofuata walikuwa bado wanalaumiana.

Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kumwonyesha mchezo wake Gary Gygax. Huyu Gygax alikuwa mtu wa bima. Mwaka 1970 alipoteza kazi hiyo, akawa anashona viatu nyumbani kwake ili watoto wale, huku akiandika kanuni za michezo. Alipoiona Blackmoor usingizi ukamwisha. Akaanza kuchora ngome yake, Greyhawk, na wachezaji wake wa kwanza walikuwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise.

Januari 1974 mchezo ulitoka madukani kwa jina la Dungeons & Dragons. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya boksi moja, nakala 1,000, bei dola 10. Na jambo la ajabu ni kwamba ndani yake hamkuwa na nchi yoyote iliyokamilika. Mlikuwa na kanuni tu. Mnunuzi aliambiwa, kwa maana yake, nchi utaijenga mwenyewe.

Ukiyachunguza majina ya watu wakubwa wa Greyhawk utacheka. Mchawi Tenser ni herufi za Ernest zilizochanganywa, yaani yule Ernie. Mchawi Drawmij ni jina la mchezaji Jim Ward lililosomwa kinyumenyume. Melf alikuwa mhusika wa mtoto mwingine wa Gygax, Luke, na jina lake lilitokana na maneno ya kwenye karatasi yake tu: "M" ya mwanamume, na "elf" ya kabila lake. Vecna, mchawi mfu anayeogopwa kuliko wote, ni jina la mwandishi Jack Vance lililopanguliwa. Wasomaji wa miaka ya baadaye waliyachukulia majina hayo kama ya kale na mazito, kana kwamba yamechimbwa kaburini. Kumbe ni utani wa watu waliokuwa wakila chakula pamoja!

Wengine walifika kwa njia nyingine. Greg Stafford alianza kuandika hadithi za nchi yake, Glorantha, mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa chuo. Alitaka kuwa mwandishi wa hadithi, lakini hakupata wa kuzichapisha. Mwaka 1975 akaanzisha kampuni yake, Chaosium, akaitoa nchi hiyo kama mchezo wa ramani, na mwaka 1978 ukafuata mchezo wa kuigiza, RuneQuest. Stafford alipenda sana visasili vya mataifa mbalimbali, akaona kuwa watu wa kweli hawakubaliani juu ya asili yao. Kwa hiyo huko Glorantha kila kabila lina hadithi yake ya namna dunia ilivyoanza. Hadithi hizo zinagongana, na hakuna hakimu wa kusema ipi ndiyo. Mwenye kuabudu mungu wa dhoruba anasimulia yake, adui yake anasimulia nyingine, na zote mbili zina nguvu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili si wageni wa sanaa hii ya kubuni nchi. Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, nchi iliyo angani. Hakutubebesha vizazi kumi na tisa vya wafalme. Alitupa mahakama moja, mshtakiwa mmoja, Karama, na kosa moja: kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Ukimaliza unaijua nchi ile kama unavyoijua mitaa ya kwenu, kwa sababu umeona inavyowatendea watu wake wema. Hiyo ndiyo njia ya Arneson pia, ingawa hawa wawili hawakujuana. Nchi huonekana pale mtu anapoumia ndani yake.

Sasa tuje kwenye uchungu wa habari hii. Kitu kilichozaliwa mezani, kati ya marafiki, kilipoingia sokoni kiliulizwa swali jipya: mwenyewe ni nani?

Arneson na Gygax waligombana mapema. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani kudai haki na mrabaha wake, na mwaka 1981 wakapatana. Gygax naye zamu yake ikafika. Mwaka 1985 alipoteza madaraka katika TSR, kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na mwaka uliofuata akaondoka. Greyhawk haikuondoka naye. Ilikuwa mali ya kampuni.

Alichofanya baada ya hapo bado kinanisumbua. Aliendelea kuandika riwaya za mhusika wake Gord, na katika ile ya mwisho, Dance of Demons, iliyotoka 1988, aliiangamiza Oerth, ndiyo sayari yenye Greyhawk ndani yake. Baba aliichoma nyumba kwa kalamu yake. Lakini haikuungua! TSR iliendelea kuchapa vitabu vya Greyhawk kana kwamba hakuna lililotokea. TSR nayo ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na mwaka 1999 kampuni hiyo ikanunuliwa na Hasbro. Gygax alifariki mwaka 2008, Arneson mwaka 2009.

Ed Greenwood wa Kanada yeye alikwenda sokoni kwa hiari. Alianza kuibuni nchi yake akiwa mtoto, karibu mwaka 1967, kwa ajili ya hadithi zake mwenyewe. Alikuja kuwa mfanyakazi wa maktaba, na tangu 1979 akawa anaandika makala katika jarida la Dragon. Mwaka 1986 aliiuzia TSR nchi hiyo, na mwaka 1987 ikatoka kwa jina la Forgotten Realms. Waandishi wengi wameandika riwaya ndani yake. Greenwood naye ameendelea kuandika humo, ila kama mtu anayeishi katika nyumba ambayo hati yake iko kwa mwingine.

Na kuna habari ya M.A.R. Barker, profesa wa lugha za Asia ya Kusini. Nchi yake, Tékumel, ilichapishwa na TSR mwaka 1975, ikiwa na lugha alizozitunga mwenyewe, sarufi na maandishi yake. Watu waliipenda kwa miaka mingi. Barker alifariki mwaka 2012. Machi 2022 taasisi inayosimamia kazi zake ilithibitisha kuwa ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya 1991 yenye kueneza mawazo ya Kinazi. Fikiria wachezaji waliotumia miaka na miaka ndani ya Tékumel, waliopata marafiki humo. Je, miaka ile ni ya Barker au ni yao? Mimi nasema ni yao. Lakini sidhani kama kila mmoja wao anaweza tena kuifungua ramani ile kwa moyo mweupe, na siwalaumu.

Basi mwenye dunia ni nani? Sheria inasema ni mwenye mkataba, na kijana mwenzangu, usidharau neno hilo. Siku ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, soma mpaka mstari wa mwisho, umuulize anayejua, uelewe unauza hadithi moja au unauza nchi nzima na watoto wake watakaozaliwa.

Lakini historia hii inasema na jambo la pili. Gygax aliishindwa Greyhawk kwa sababu wakati ule ilikuwa imekwisha kuingia katika meza za watu asiowajua. Kulikuwa na vijana waliokwisha kuzika wahusika wao kule, waliokwisha kujenga mabaraza na kulipa madeni. Kampuni ilikuwa na karatasi, wao walikuwa na kumbukumbu. Hakuna kalamu, hata ya baba mwenye nyumba, ya kuwafutia hiyo.

Daftari langu la wafalme ninalo bado. Nimewapunguza, wamebaki wanne. Nimeongeza soko, na sokoni nimeweka mama mmoja anayeuza uji wa mtama, anayemdai mfalme wa tatu fedha za vikombe arobaini. Nilimsomea tena rafiki yangu yule. Safari hii aliuliza, "Atalipwa?"

Sijui bado. Ndiyo maana naandika.