Kurudi Kazini Kidogo Kidogo: Habari za Kijiji cha Papworth na Fundisho Lake kwa Chama



Hesabu za mfuko wa wagonjwa zisomwapo, haukosi kuzuka ubishi juu ya jambo moja. Mwanachama ameugua sana, amelazwa miezi, kisha Mungu amemjalia nafuu. Sasa aonekana kibarazani akishona nguo saa mbili au tatu kwa siku. Je, posho ya chama ikatwe, au aendelee kupewa? Wako wasemao kwamba mwenye nguvu za kushika sindano ana nguvu za kujilisha, na kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Wako wengine wasemao kwamba kumkatia posho siku ile ni kumrudisha kitandani. Swali hili lilikwisha kuwasumbua watu wengine kabla yetu, nasi twaweza kujifunza kwa yaliyowapata.

Katika karne ya 19 wafanyakazi wa Uingereza walikuwa na vyama vya kusaidiana vilivyofanana sana na vyetu. Vikubwa kati yao vilikuwa vile vya Oddfellows na Foresters. Mwanachama alitoa ada yake, naye alipougua alipewa posho, na alipokufa alizikwa kwa heshima. Chama kilimtuma mjumbe kumzuru mgonjwa nyumbani, ampelekee fedha na pia ahakikishe kwamba ni mgonjwa kweli. Mtu aliyekutwa akifanya kazi huku anapokea posho aliadhibiwa. Kanuni hiyo haikuwa ya ukatili, kwa maana fedha ile ilikuwa jasho la wenziwe. Kasoro yake ni kwamba ilitambua hali mbili tu, ugonjwa na uzima, wala haikumjua mtu aliye katikati.

Serikali ya Uingereza ilipotunga Sheria ya Bima ya Taifa mwaka 1911 ilirithi kasoro hiyo. Tangu Januari 1913 mwanamume mgonjwa alipewa shilingi 10 kwa juma, na mwanamke shilingi 7 na peni 6, kwa muda usiozidi majuma 26. Sharti lilikuwa kwamba asiweze kufanya kazi. Basi aliyejaribu kazi kidogo alijiweka katika hatari ya kupoteza yote.

Walioumizwa zaidi na jambo hili ni wagonjwa wa kifua kikuu. Siku zile dawa ya kuuponya ugonjwa huo haikuwapo. Mgonjwa alipewa mapumziko, hewa safi na chakula kizuri katika hospitali za pekee. Katika hospitali ya Frimley, iliyofunguliwa mwaka 1905, Daktari Marcus Paterson alianza kuipima kazi kama ipimwavyo dawa. Mgonjwa alianza kwa kutembea, akafuata kubeba vikapu, na mwisho akashika koleo na sururu. Wengi walitoka wakiwa na nguvu. Lakini walirudi wapi? Walirudi kwenye vyumba vya msongamano na kazi ya kutwa nzima, kwa kuwa watoto walitaka kula. Haukupita muda mrefu, wengi wao wakaanguka tena.

Daktari Pendrill Varrier-Jones, aliyesimamia mambo ya kifua kikuu katika wilaya ya Cambridgeshire, aliyaona hayo akahuzunika. Alisema kwamba kumtibu mtu kwa gharama kubwa, kisha kumrudisha katika maisha yale yale yaliyomwangusha, ni kupoteza fedha na kupoteza mtu. Mwaka 1916 alianza na wagonjwa wachache katika kijiji cha Bourn, na mwaka 1918 akahamia Papworth. Huko zilijengwa hospitali, nyumba za wagonjwa na jamaa zao, na karakana za useremala, ushonaji wa viatu, utengenezaji wa masanduku ya safari na upigaji chapa.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Daktari ndiye aliyeamua saa za kazi za kila mtu, wala si msimamizi wa karakana. Aliyeonekana kuchoka alipunguziwa saa, na aliyepata nguvu aliongezewa. Kazi ilikuwa kazi ya kweli. Vitu viliuzwa sokoni kwa ubora wake na si kwa huruma ya mnunuzi, na mfanyakazi alipata ujira wake. Aliyezidiwa alirudi hospitalini palepale kijijini, na nyumba yake haikuvunjika. Varrier-Jones alipewa cheo cha heshima na mfalme mwaka 1931, akafariki mwaka 1941.

Hatusemi kwamba Papworth haikuwa na dosari. Walioweza kupokelewa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na wagonjwa wa nchi nzima, michango ya wafadhili ilihitajika, na wengine walibaki huko maisha yao yote badala ya kurudi kwao. Hata hivyo wazo lake lilienea. Mwaka 1944 Uingereza ilitunga sheria iliyowataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu, na ulemavu huo ulihesabu pia udhaifu uletwao na maradhi. Sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1990. Katika bima mpya iliyoanza Julai 1948 mgonjwa aliruhusiwa kazi ndogo yenye kumsaidia kupona, kwa ujira usiozidi kiasi kilichowekwa. Ujerumani nayo, kwa sheria iliyoanza mwaka 1989, humruhusu mgonjwa kurudi kazini kwa saa zinazoongezeka hatua kwa hatua huku akiendelea kupokea fedha za bima ya ugonjwa.

Kifua kikuu chenyewe hakimfungi tena mtu kwa miaka. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia pamoja na madaktari wa Uingereza, ambayo matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba matibabu ya miezi sita yaweza kutosha. Hilo ni jambo la fahari kwetu. Lakini hata leo aliyepona kifua, kiharusi au saratani haamki siku moja akawa na nguvu zake zote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humhakikishia mfanyakazi, baada ya miezi miwili kazini, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Zikiisha siku hizo 14, mwenye ugonjwa mrefu hutegemea hisani ya mwajiri, jamaa zake, na chama kama hiki.

Kwa hiyo yafaa tuitazame kanuni yetu upya. Mwenye kushona saa mbili asihesabiwe mdanganyifu, wala asiachiwe posho yote pasipo kuulizwa. Na alete cheti cha daktari chenye kutaja saa anazoruhusiwa. Aseme wazi apatacho. Na posho yake ipunguzwe kadiri ujira wake unavyoongezeka, ili kila shilingi aichumayo imwache na nafuu kuliko jana. Akizidiwa tena, arudishiwe posho kamili pasipo kuanza maombi upya. Mfuko utapunguza gharama mapema kuliko kama angejificha ndani kwa kuogopa kuonekana.

Mwenda pole hajikwai. Mgonjwa anayerudi kazini kwa hofu ya kukatiwa posho huenda mbio, akaanguka, nasi hurudi kumlipia upya. Tumwache aende pole, tukiwa pamoja naye.