Nyonga Bandia na Vumbi Lake

Nyonga bandia ya kisasa ilizaliwa katika hospitali ya Wrightington, karibu na mji wa Wigan, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mikononi mwa daktari wa mifupa John Charnley. Historia yake iliwafunza madaktari somo kubwa kuhusu vipandikizi: mwili unaweza kuishi na kitu kigeni kikiwa kizima, lakini hukipiga vita kikisagika.

Kabla yake walikuwapo wengine. Mwaka 1923, mjini Boston, Marius Smith-Petersen alitoa kipande cha kioo mgongoni mwa mgonjwa, akakuta kimezungukwa na utando laini. Akabuni vikombe vya kioo vya kufunika kichwa cha mfupa wa paja. Mwili ulivivumilia, ila vilivunjika kwa uzito wa mgonjwa, na mwaka 1938 akageukia mchanganyiko wa kobalti na kromiamu.

Utando ule una sababu yake. Kitu kigeni kikiingia mwilini, protini za damu hukifunika upesi. Kisha hufika makrofaji, seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na takataka. Kitu kikizishinda kwa ukubwa, baadhi ya seli hizo huungana na kuwa seli moja kubwa inayojibandika juu yake, huku seli nyingine zikifuma nyuzi za kovu kukizingira. Kovu likitulia, kitu hicho huweza kukaa humo miaka mingi bila madhara.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Charnley alianza kutumia Tefloni, plastiki inayopakwa kwenye vikaango. Aliichagua kwa utelezi wake na kwa kuwa kemikali za mwili haziiathiri. Kichwa kidogo cha chuma cha pua kilizunguka ndani ya kikombe cha Tefloni, na saruji ya akriliki ikatumika kushikiza kiungo mfupani. Wagonjwa wapatao 300 walifanyiwa upasuaji huo, na waliokuwa hawajiwezi wakatembea. Lakini baada ya miaka michache tu maumivu yalirudi. Charnley alipofungua tena nyonga hizo alikuta kikombe kimelika na rojo nzito kama jibini imejaa pembeni. Tefloni nzima haikudhuru mtu. Iliyodhuru ni unga wake.

Ili kupata uhakika, Charnley alijipandikiza chini ya ngozi ya paja lake unga wa Tefloni na unga wa plastiki nyingine, polietilini nzito. Baada ya miezi tisa vinundu vya Tefloni vilikuwa vimevimba karibu maradufu, ilhali polietilini haikuweza kupapaswa kwa uhakika. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1963.

Polietilini hiyo ilikuwa imefika Wrightington mwaka 1962 kupitia mchuuzi wa vipuri vya plastiki vya viwandani. Charnley aliidharau, lakini fundi wake, Harry Craven, aliifunga kwenye mashine ya kupimia ulikaji. Majuma yakapita bila kuonekana dalili ya maana ya kulika. Novemba mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza akawekewa kikombe cha polietilini, na mfumo huo ukaenea duniani.

Hata hivyo, polietilini nayo hulika, ingawa polepole. Makrofaji humeza chembe zake, hushindwa kuziyeyusha, na hutoa kemikali zinazochochea seli za kula mfupa. Mfupa ukiliwa, kiungo hulegea. Kwa miaka kadhaa lawama ilibebeshwa saruji, hadi nyonga zisizo na saruji zilipoonyesha uharibifu uleule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hutumika polietilini iliyopigwa mionzi ili minyororo ya molekuli zake ishikamane, na ulikaji umepungua sana. Viungo vya chuma kwa chuma vilivyokusudiwa kuondoa tatizo hilo vilimwaga chembe za kobalti na kromiamu kwenye tishu, na mwaka 2010 aina moja iliyotumika sana iliondolewa sokoni.

Leo miundo mipya ya nyonga huzungushwa kwenye mashine kwa mamilioni ya mizunguko inayoiga hatua za binadamu kabla ya kuwekwa kwa mgonjwa, na kinachopimwa ni kiasi cha plastiki au chuma kilicholika.