Usipake Rangi Sanduku la Guka Kabla Hujalisoma

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndio usije ukasema najifanya mjuaji.

Guka alipofariki, tulienda kusafisha stoo yake. Jamaa wa kununua vyuma alikuwa ashafika, mizani mkononi, anapima majembe yaliyovunjika, vipande vya mabati na fremu ya baiskeli. Kwenye kona kulikuwa na sanduku moja la chuma, jeusi kwa grisi, zito mpaka linabebwa na watu wawili. Jamaa akalitazama mara moja tu, akasema shilingi 600 pamoja na vilivyo ndani. Binamu yangu akasema, “Chukua tu.” Cucu, ambaye hakuwa ameongea asubuhi yote, akasema kutoka mlangoni: “Hilo ndilo lilisomesha baba zenu.”

Basi nikalibeba mimi. Nikaja nalo Nairobi, na kwa wiki nzima nikalipiga msasa ndani na nje hadi chuma kikang’aa. Nikapaka rangi nyekundu, kama ile ya masanduku ya gereji kwenye sinema. Nikapiga picha za kabla na baada, nikaziweka mtandaoni, watu wakapenda sana. Mimi nikavimba kichwa.

Halafu nikamtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi na guka kwenye karakana za reli, nikamwonyesha picha kwenye simu. Ile nyekundu hakusema kitu. Akarudi kwa ile ya kabla, akaivuta karibu na macho. “Maandishi ya chini ya kifuniko yako wapi?”

Maandishi gani? Mimi niliona mikwaruzo tu. Kumbe ile “mikwaruzo” ilikuwa jina la mwenye sanduku wa kwanza, fundi Mhindi, alilolichora kwa msumari kwa herufi za Kigurmukhi, zile Masingasinga huandikia Kipunjabi. Chini yake, kwa rangi nyeupe, guka alikuwa ameandika namba yake ya kazi. Huyo fundi alimwachia guka sanduku mwaka 1968 alipokuwa anahamia Uingereza. Nikamuuliza mzee jina lake lilikuwa nani. Akafikiria sana. “Singh,” akasema. Ni kama kusema Kamau wa Kiambu. Jina lake kamili lilikuwa mahali pamoja tu ambapo ningeweza kulipata, na nilishalifuta kwa msasa wa shilingi 50.

Tangu siku hiyo nimeanza kusoma kuhusu masanduku ya mafundi, na nataka nikuonyeshe nilichokuwa nakitupa.

Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia huku. Tukifundishwa shuleni, hao wote wanaitwa vibarua, kana kwamba kila mmoja alikuja na koleo la kuchimbia tu. Lakini ndani yao kulikuwa na maseremala, wahunzi na waashi, na wengi wa mafundi hao walikuwa Masingasinga wa Punjab. Treni haijengwi kwa mikono mitupu. Lazima kuwe na mtu wa kunyoosha chuma, wa kukata ribiti, wa kutengeneza injini ikigoma katikati ya nyika.

Sasa elewa kitu kimoja kuhusu ufundi wa zamani: mara nyingi vyombo vilikuwa mali ya fundi mwenyewe. Huko Uingereza, seremala kijana alikuwa anajitengenezea sanduku lake, nje analipaka rangi ya kawaida kabisa, ndani ndio anaweka maringo yake yote, mbao nzuri na droo za kuteleza. Tajiri hakuona hayo. Ni fundi mwenzako ndiye alifungua kifuniko akajua wewe ni nani. Sanduku lilikuwa cheti kabla ya vyeti.

Marekani wanalijua hili vizuri sana. Kuna sanduku la Henry Studley, fundi wa piano wa Massachusetts aliyefariki mwaka 1925. Linafunguka kama kitabu na kubeba vyombo karibu 300, kila kimoja na nafasi yake. Limewahi kuonyeshwa kwenye makumbusho ya Smithsonian. Kuna pia Harry Gerstner wa Dayton, Ohio, aliyeanzisha kampuni mwaka 1906 kutengeneza masanduku ya mbao kwa mafundi wa mashine, droo zimetandikwa kitambaa cha kijani ili vipimo visikwaruzike. Mengi ya aina hiyo yana droo moja ya katikati iliyosimama, ndefu na nyembamba. Unajua ni ya nini? Ya kitabu! Kile kitabu kinene cha vipimo vya mashine, kilichotoka mara ya kwanza 1914. Yaani aliyebuni sanduku alichukulia kwamba fundi anasoma.

Huko, mtu akipata sanduku kama hilo kwa stoo ya babu yake, kuna soko, kuna wakusanyaji, kuna vitabu. Hapa kwetu, lina mizani.

Turudi kwa guka. Aliingia reli miaka ya hamsini, wakati mshahara ulifuata rangi ya ngozi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kazi yake ilikuwa kumshikia yule fundi Mhindi spana. Hakuna aliyekaa chini akamfundisha. Alifundishwa na macho yake. Kenneth King aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha 1977, The African Artisan, jinsi ustadi ulivyopita kutoka karakana za Wahindi hadi mikononi mwa Waafrika, na kutoka hapo hadi jua kali. Guka hakusoma hicho kitabu. Aliishi ndani yake.

Injini walizokuwa wanatengeneza si mchezo. Zile Garratt za daraja la 59, zilizotoka Manchester katikati ya miaka ya hamsini, zilikuwa 34, kila moja na uzito wa zaidi ya tani 250, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, bado iko pale makumbusho ya reli Nairobi. Nenda uisimamie karibu, kisha ufikirie mtu aliye na spana mkononi akiambiwa, “Hii inatoka kesho asubuhi.”

Na spana zenyewe zinazungumza. Nilipozijaribu kwa Probox ya mjomba, hakuna hata moja iliyokaa. Nikadhani zimeharibika. Kumbe ni Whitworth, kipimo kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba iliyoandikwa kwenye spana ni unene wa bolti, si upana wa mdomo. Kwa hivyo spana iliyoandikwa nusu inchi ina mdomo wa zaidi ya sentimita 2. Zana za guka zilikuwa zinaongea lugha ya injini ambazo hazipo tena.

Mwaka 1968 ndio uliovunja urafiki wao. Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wanaondoka haraka, na Machi mwaka huo Uingereza ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango. Yule fundi hakuweza kubeba sanduku la kilo zote hizo. Mzee anasema hakumuuzia guka. Alimpa ufunguo wa kufuli, akamwambia azitie mafuta zisishike kutu. Guka alizitia mafuta zaidi ya miaka hamsini. Mimi nikaja na msasa.

Najua utaniambia, “Lakini ni chuma tu, na watu wana njaa.” Ni kweli, na simlaumu jamaa wa mizani, naye anatafuta unga. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa, na tulijadili hasara ya stima nchi nzima. Sawa kabisa. Ila hakuna mtu aliyeuliza ni historia ngapi huyeyushwa kila wiki kwa bei ya kilo. Mlingoti ukiibwa utasimamishwa mwingine. Jina la yule Singh halitarudi.

Ndio maana msimamo wangu ni huu: kufufua sanduku si kulifanya jipya. Ukitaka jipya, Kamukunji wapo, tena watakukunjia zuri kuliko lile la dukani, mdomo wa kifuniko umezungushiwa waya ndani ili usipinde. La zamani lina kazi tofauti. Kazi yake ni kukumbuka.

Kwa hivyo ukilipata, fanya hivi. Kwanza, piga picha kila upande, na umulike tochi kutoka pembeni, si mbele, ndio mikwaruzo isimame na herufi zionekane. Pili, toa grisi kwa kitambaa na mafuta taa kidogo, pole pole. Tatu, usipige msasa mkavu kwa rangi ya zamani. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na hilo vumbi ni sumu, hasa kwa watoto. Nne, vyombo vyenye kutu loweka kwa siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, kausha hapo hapo, kisha paka mafuta. Tano, angalia skrubu. Zile za nyota zilianza kutumika katikati ya miaka ya thelathini, kwa hivyo ukizikuta, ama sanduku si la kabla ya hapo au kuna mtu alilirekebisha baadaye. Hayo marekebisho pia ni historia. Yaache.

Na kabla ya yote hayo, kaa chini na mzee. Muulize nani alikuwa nalo kabla yake. Andika.

Sanduku la guka liko hapa chumbani kwangu, jekundu, linaniangalia. Sitalipaka tena. Chini ya kifuniko nimeandika kwa mkono ile namba ya guka, ambayo cucu aliipata kwenye kadi yake ya zamani ya kazi. Juu yake nimeacha nafasi tupu, upana wa jina moja. Kama kuna mtu Nairobi, Leicester au Southall ambaye babu yake alimwachia Mkikuyu wa reli ufunguo wa kufuli mwaka 1968, nafasi yake ipo.