Somo la Redio: Miwani na Taa za Usiku

Somo letu la leo ni la historia.

Dereva atokaye Ifakara kwenda Mngeta usiku hukutana na taa za gari jingine. Mwanga humpiga machoni, naye haoni kitu kwa muda. Huenda pembeni yuko mtu mwenye baiskeli na gunia la mpunga. Je, miwani gani itamfaa dereva huyo?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1929, kijana wa Marekani aitwaye Edwin Land alivumbua karatasi ng'avu ichujayo mwanga. Fikirini ua wa fito zilizosimama: fimbo iliyosimama wima hupenya, iliyolala huzuiwa. Land alitaka kila taa ya gari ifunikwe kwa karatasi hiyo, na kila dereva atazame kupitia karatasi hiyo hiyo, ili taa za anayekuja zififie. Watengenezaji wa magari hawakuikubali. Isingefaa mpaka magari yote yawe nayo, tena ilipunguza mwanga wa taa. Ikawa miwani ya jua, na mchana inafaa sana.

Mwaka 1935, huko Ujerumani, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alipata njia nyingine: kupaka kioo utando mwembamba sana. Kioo kitupu hurudisha sehemu ya mwanga. Kilichopakwa hupitisha karibu wote.

Na miwani ya njano? Mwaka 2019, wataalamu wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya kuwapima madereva kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji. Miwani ya njano haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu usiku.

Sababu ni nyepesi. Usiku mwanga ni haba. Miwani ya rangi hufifisha taa za mwenzako, lakini humfifisha na yule mwenye baiskeli.

Basi, kapime macho kwanza. Ukiandikiwa miwani, chagua vioo visivyo na rangi, vyenye utando. Mzee anayeona taa zikitawanyika, huenda ana mtoto wa jicho, amwone mganga. Na kila dereva asafishe kioo cha gari, apunguze mwendo, na atazame ukingo wa kushoto wa barabara.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini magari hayakutumia karatasi ya Land?
2. Miwani ya rangi ina hatari gani usiku?

Kwaherini.