Kambi za Udzungwa na Wajuzi wa Msitu

Milima ya Udzungwa, iliyoko katika mikoa ya Iringa na Morogoro nchini Tanzania, ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani safu za milima ya kale zinazoanzia Taita nchini Kenya, ambazo unyevu wa Bahari ya Hindi umezinyeshea mvua kwa mamilioni ya miaka na kuzihifadhia spishi, yaani aina za viumbe, zisizopatikana kwingine. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990, lakini kabla ya mahema ya watalii yalikuwapo mahema ya watafiti, ambao elimu yao ilitegemea wenyeji kuliko inavyokiriwa vitabuni.

Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia msituni mlio wa kima wasiyemtarajia, na msaidizi wao mwenyeji akawaeleza kwamba huyo ni ng'olaga, mnyama ambaye wanavijiji walimjua tangu zamani. Sayansi ikamwita mangabei wa Sanje, ikiuenzi mji mdogo ulio chini ya msitu, huku jina alilopewa na waliomjua kwanza likiachwa pembeni. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark, wakiwa kambini, waligundua ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu baada ya nyama yake kuliwa, wakamtafuta akiwa hai, na mwaka 1994 kware huyo akatangazwa kuwa jenasi mpya, yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu, ambalo ndugu zake wako Asia.

Kwa kuwa msitu huo hutembelewa kwa miguu, anayetaka kufika kilele cha Mwanihana hana budi kulala njiani, akiongozwa na mtu anayezitambua sauti za msitu. Ujuzi huo ulirithiwa na watu walioingia humo kila mara, wakiwamo waokota kuni, ambao ruhusa yao ilisitishwa mwaka 2011. Sababu za kuulinda msitu zilikuwa na uzito, ila njia moja ya kurithishana majina na milio ya wanyama ilikatika. Inafaa wasimamizi wa hifadhi wayaandike majina hayo ya kienyeji katika vitabu vya wageni sasa, wakati wazee wanaoyajua wangali hai.