Mpango wa YES: Usalama wa Mwanafunzi katika Familia ya Wenyeji
Mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa ufadhili wa Serikali ya Marekani, umewapeleka wanafunzi wa sekondari, wakiwamo wa Tanzania na Kenya, kusoma nchini humo kwa mwaka mmoja wa masomo na kuishi na familia za wenyeji.

Familia hizo hujitolea bila malipo. Kabla ya kumpokea mwanafunzi, makazi hukaguliwa na kila mwanafamilia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi huchunguzwa kumbukumbu zake za jinai. Mratibu wa eneo huwasiliana na mwanafunzi kila mwezi.

Mwanafunzi asiyejihisi salama anapaswa kumweleza mratibu mapema, na anaweza kuhamishiwa familia nyingine. Wazazi wanashauriwa kumfahamisha mtoto utaratibu huo kabla ya safari.